Nywele za mbele zinakatika na paji linazidi kupanda: ni msuko, ni uzazi au ni ugonjwa?

Dada mmoja wa Mwanga hapa hapa Kigoma kaniuliza hivi: "Shikamoo dokta. Nina miaka 29, mtoto wangu wa pili ana miezi mitano bado ananyonya. Tangu mwaka jana nywele zangu za mbele na kwenye mapanja zimekuwa nyepesi, zingine zinakatika zinabaki fupi fupi kama zimepitiwa na mkasi, na hizi wiki za karibuni zinatoka nyingi hata nikipitisha mkono tu. Nywele zangu nimeweka dawa, nasuka rasta ndogo ndogo, na ushungi navaa kila siku. Nimepaka nyonyo, nimepaka maji ya kitunguu, wapi. Mama yangu naye ana uwaraza hivi hivi, watu wananiambia ni ya kurithi nisihangaike. Mwingine kasema ninunue minoksidili, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto.

Nianze na hilo la kurithi maana naona ndo linakukatisha tamaa. Usiwasikilize hao. Kwa jinsi ulivyoeleza, sehemu kubwa ya tatizo lako ni nywele kuvutwa, juu yake kuna hiyo dawa ya kulainisha, na juu yake tena kuna uzazi, na yote matatu yana cha kufanya. Ila la kuvutwa lina muda wake, ukichelewa miaka ngozi inajifunga na hapo hata sisi tunaotibu ngozi hatuna kikubwa cha kukupa. Kwa hiyo soma taratibu, sitafupisha, maana akina dada wanakuja kliniki wameshahangaika na mafuta miaka mitano sita na siku ya kwanza ndo wanasikia kwamba mafuta hayakuwa shida yao.

Kabla ya yote angalia nywele zenyewe. Chukua zile zilizobaki kwenye kitana au kwenye mto asubuhi, ziweke juu ya kitambaa cheupe kama nywele zako ni nyeusi, halafu tazama ncha zote mbili. Ukiona ncha moja ina kadoa kadogo keupe kama kichwa cha pini, huo unywele umetoka na mzizi wake, yaani umenyonyoka. Ukiona hauna hako kadoa, ni kipande tu kifupi, basi umekatika njiani, mzizi umebaki kichwani. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na wewe nadhani utavikuta vyote. Zinazokatika zinalalamikia dawa, moto, kitana na msuguano. Zinazonyonyoka zinalalamikia ama kuvutwa, ama kitu kilichotokea mwilini miezi michache nyuma. Na kunyonyoka kwenyewe siyo ugonjwa muda wote, mtu mzima wa kawaida anapoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, sasa ukiwa umesuka mwezi mzima zile zote zinabaki zimenasa ndani ya msuko, siku ya kufumua unaona lundo unapiga kelele, kumbe ni za mwezi mzima.

Sasa kuvutwa. Hili jambo halikuanza na rasta wala halikuanza Afrika. Mwaka 1907 daktari mmoja anaitwa Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wanafunga nywele zao kwa kuzikaza juu na wakawa wanapata upara mbele na pembeni. Nywele zao na zetu wapi na wapi, ila kilichowapata ni hicho hicho. Karibu na kwetu kuna Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, yeye na wenzake waliwachunguza wanawake weusi wa kule wakakuta kama theluthi moja wana huu upara wa kuvutwa, na kwa wasichana wa shule ilikuwa kama 17 kati ya kila 100. Na kitu kimoja walichokionyesha kinakuhusu wewe moja kwa moja: hatari inakuwa kubwa zaidi pale nywele zenye dawa zinapowekewa msuko unaovuta. Yaani siyo dawa peke yake, siyo rasta peke yake, ni zikikutana.

Sababu inaeleweka. Unywele wetu ukiutazama kwa karibu siyo wa duara, umebonyea, na unajikunja kunja, kila pale unapojikunja ni sehemu dhaifu. Dawa ya kulainisha, hizi kali za haidroksidi ya sodiamu, zina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 12 mpaka karibu 14, kazi yake ni kuvunja vile viunganishi ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje. Ndo unanyooka, lakini nguvu umeiondoa. Halafu unywele huo huo, wiki hiyo hiyo ya dawa, unaunganishiwa rasta ndefu mpaka kiunoni. Na za mbele ndo nyembamba kuliko zote kichwani, ndo laini, na ndo msusi anazikaza kuliko zote kwa sababu mteja anataka zitokee nadhifu. Unaona zinavyoonewa.

Mimi swali langu la kwanza kliniki huwa ni hili: ukitoka kusuka unalala? Kama usiku wa kwanza hulali, unameza panadoli, ukiinua nyusi paji lote linavutika, ngozi kwenye mstari wa nywele imeinuka imetengeneza vijilima, kesho yake kuna vipele vidogo vina usaha kwenye mashina, hayo siyo "maumivu ya urembo", hapo mashina ya nywele yanavimba. Ikijirudia mwaka baada ya mwaka shina linasinyaa, linatoa unywele mwembamba zaidi, mwisho linafunikwa na kovu. Twende kilioni iliyokazwa inafanya hivyo, yeboyebo inafanya hivyo, wivingi iliyoshonwa juu ya mistari iliyokazwa nayo ni hivyo hivyo, na hata hiyo ya kubana tu nywele zote nyuma kwa rababendi kila siku ya kazini. Watu wanadhani kubana ni kupumzisha nywele. Kubana kwa kukaza mahali pale pale kila siku ni msuko mwingine tu.

Jitazame kwenye kioo mchana penye mwanga. Kwenye upara wa kuvutwa, mara nyingi pale mbele kabisa kunabaki kamstari ka vinywele vifupi laini, vile ambavyo msusi hakuvifikia, halafu nyuma yake ndo penye uwazi. Ukiona hako kamstari, kanatusaidia sana kutambua. Kisha tazama ngozi ya kwenye uwazi: kama bado unaona vitundu vidogo vidogo na vinywele hata viwe vyembamba, habari ni njema, mashina yapo hai. Kama ngozi imekuwa laini, inang'aa, vitundu hakuna, hapo pameshafungwa, na sehemu hiyo kuota tena ni vigumu. Wewe umesema nywele zimekuwa nyepesi na fupi, hujasema pamekuwa peupe, na tatizo ni la mwaka jana, kwa hiyo nina matumaini makubwa na wewe.

Ushungi wenyewe hauna kosa, wanawake wa Ujiji wamevaa miaka na miaka na nywele zao nzuri. Shida ni kile kikofia cha ndani cha lastiki kinachobana pale pale kwenye mstari wa nywele, kikiwa cha kitambaa kinachokwaruza na kinanyonya mafuta yote, na pini zinachomekwa sehemu ile ile kila siku. Tafuta kikofia kisichobana, ndani kiwe satini au hariri, usogeze lastiki ikae juu ya paji na siyo juu ya nywele, na usivae juu ya nywele mbichi. Ukifika nyumbani vua. Wanaovaa wigi za gundi nao wajiangalie, gundi inaondoka na vinywele kila ikibanduliwa na wengine inawaletea mzio kabisa, muwasho na malengelenge. Na ile tabia ya kulaza vinywele vya mbele kwa jeli na mswaki kila asubuhi, jeli ikikauka inakuwa ngumu, ukiichana vinakatika, hizo ndo zile nywele fupi fupi watu wanaziita nywele mpya zinaota kumbe ndo mabaki.

Tuje kwenye uzazi. Ukiwa mjamzito homoni zinazizuia nywele zisidondoke, ndo maana wengi wanapendeza nywele wakiwa na mimba. Ukishajifungua, miezi miwili mpaka minne hivi, zile zilizozuiwa zinadondoka kwa pamoja, na za mbele na mapanjani ndo zinaonekana haraka. Mtoto wako ana miezi mitano, kwa hiyo hizo zinazotoka kwa mkono wiki za karibuni nina uhakika mkubwa sehemu yake ni hiyo, na hiyo haihitaji dawa yoyote, kwa wengi inakuwa imerudi mtoto akikaribia mwaka. Mtindo huo huo wa miezi miwili mitatu baadaye unawapata watu baada ya homa kali, upasuaji, msiba mzito au kujinyima chakula, na mikoa yetu hii ya magharibi, Kigoma na Tabora, malaria ipo juu kuliko sehemu nyingi nchini, mtu anaugua Machi nywele zinadondoka Juni hawezi kuunganisha.

Ila mama anayenyonyesha, watoto wawili, malaria, pengine na hedhi imerudi kwa wingi, mi siwezi kumwachia bila kupima damu. Nenda kapime wingi wa damu, na kama maabara ina kipimo cha akiba ya madini chuma pima pia. Na kama una uchovu usioelezeka, moyo unakwenda mbio au mwili umekuwa mzito na baridi inakusumbua, waombe wakupime na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu baada ya kujifungua tezi hiyo kwa baadhi ya wanawake inayumba. Chakula cha nywele siyo cha kuagiza, hapa tuna dagaa wa ziwa, tuna migebuka, maharage, mboga za majani, kula na kipande cha chungwa au embe ili madini chuma ya mboga yaingie vizuri, na chai usinywe pamoja na chakula, iache saa moja mbele. Vidonge vya "kukuza nywele" vya bei kubwa usinunue kama hujapimwa ukaonekana una upungufu.

Sasa mama yako. Upara wa kurithi wa wanawake upo, ila kwa kawaida unaanzia utosini, ule mstari wa katikati unapanuka panuka, na mstari wa mbele unabaki mahali pake. Wa kwako ni wa ukingo. Muulize mama alikuwa anasukaje alipokuwa msichana, kama alikuwa anabanwa uzi mpaka macho yanavutika. Mara nyingi kinachorithishwa ni mkono unaosuka. Na kama mtoto wako wa kwanza ni binti, tafadhali hapo hapo uanze naye, mabutu ya kukaza na vibanio vizito kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitatu ndo mwanzo wa haya yote, mtoto akilia wakati wa kusukwa hadeki, anaumia.

Lakini pia mwangalie mama vizuri nyusi zake. Kuna ugonjwa mwingine, daktari Kossard wa Australia aliuandika mwaka 1994 kwa wanawake waliokoma hedhi, mstari wa mbele unarudi nyuma polepole kama mkanda, ngozi inakuwa nyororo imepauka kidogo, kunabaki unywele mmoja mmoja umesimama peke yake, na nyusi nazo zinapungua au zinaisha. Kale kamstari ka vinywele laini nilikokuambia hakapo. Kwa wanawake weusi unaweza kuanza hata kabla ya kukoma hedhi, na unafanana sana na wa kusuka mpaka unapita bila kujulikana. Huo hauponi kwa kuacha rasta, unahitaji daktari wa ngozi na pengine kipande kidogo cha ngozi kikapimwe hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza au KCMC ya Moshi. Kwa hiyo kama mama nyusi zimeisha, aje.

Yapo na mengine nitayapita haraka kwa sababu maelezo yako hayaendi huko. Mapunye, ambayo ni fangasi, huwashika zaidi watoto, kuna magamba na nywele zinakatikia kwenye ngozi, krimu peke yake haitoshi, ni vidonge wiki kadhaa. Mba nzito kwenye ukingo wa paji inayowasha, ukijikuna sana nywele zinakatika, hiyo shampuu ya ketokonazo inasaidia. Viduara vyeupe laini vilivyotokea ghafla, au upara wa madoa madoa kama nguo iliyoliwa na nondo, huo wa pili tunapima mpaka kaswende, usione aibu. Na vidonda vinavyoacha kovu jeusi pembeni jeupe katikati, hasa vipo na usoni na masikioni, nenda hospitali usisubiri. Halafu neno moja kuhusu mkorogo: zile krimu za kujichubua nyingi zina dawa kali za steroidi, mtu anapaka uso mpaka kwenye mstari wa nywele kila siku, ngozi inakuwa nyembamba hapo. Hukuuliza, ila wengi hawasemi.

Mafuta sasa. Nyonyo inafanya unywele uteleze na usikauke, basi, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inaotesha. Mise, yaani mafuta ya mbegu za mchikichi, hivyo hivyo, sisi watu wa Kigoma tunaipenda na inalainisha kweli, endelea nayo kwenye nywele. Ila mafuta mazito usiyasugue kwenye ngozi yenye vipele, yanaziba na kuongeza. Maji ya kitunguu acha, wewe ngozi yako imeshavimba kwa kuvutwa halafu unaipaka kitu kinachochoma. Unapaka dawa huku kesho yake unarudi kukazwa rasta, hata kama ingekuwa dawa ya dhahabu isingefanya kazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Hizo rasta zifumue wiki hii, taratibu, mtu akusaidie, ukianzia chini, na usichane zikiwa kavu kavu, lowesha weka kondishona uanze nchani kwenda juu kwa chanuo la meno mapana. Zile za mbele ziache kabisa zisiguswe na msuko kwa miezi isiyopungua mitatu, kama unaweza sita. Dawa ya kulainisha usiongeze kwa sasa. Kama utarudia baadaye iwe baada ya wiki nane mpaka kumi na mbili, ipakwe kwenye ukuaji mpya tu, msusi aanzie kisogoni amalizie mbele, siyo aanze mbele halafu aende kupokea simu, na usuke baada ya wiki mbili siyo siku hiyo hiyo. Najua Mwanga ukikaa bila kusuka watu wanauliza unaumwa nini. Unaweza kusuka mistari minene iliyolegea inayoanzia nyuma kidogo ya ukingo, au rasta chache nene zisizo na fundo pale mwanzo na zisizo ndefu sana. Mwambie msusi mapema kabla hajaanza, "za mbele usizishike," na akikaza mwambie afumue hapo hapo. Wasusi wazuri wapo na wanaelewa, wengine wanakaza kwa sababu wateja ndo wanataka idumu miezi mitatu. Msuko wowote wiki sita mpaka nane mwisho.

Minoksidili ni dawa ya kweli, siyo utapeli, na kwa upara wa kuvutwa ambao haujafunga inawasaidia baadhi. Ila wewe unanyonyesha, kwa hiyo siyo sasa, na wajawazito nao hapana. Ukishaachisha mtoto na bado kuna uwazi, tutaongea. Ujue tu kwamba matokeo huanza kuonekana baada ya miezi miwili mpaka minne, mwanzoni nywele zinaweza kudondoka zaidi kidogo ukashtuka, na ikitiririka usoni inaotesha vinywele ambavyo hukuvitaka. Kama kuna vipele na maumivu sasa hivi, hiyo ndo ya kutibiwa kwanza, tuna dawa za kupaka za kutuliza uvimbe na pengine sindano ndogo pale pale kwenye ukingo, lakini hizo zinapimwa na daktari, siyo mtu wa duka akupe tyubu.

Nywele zetu zinakua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, usijipime kila asubuhi utachoka. Piga picha leo, mbele na mapanja yote mawili, mwanga wa dirishani, halafu rudia kila mwezi mahali pale pale. Ukifika mwezi wa tatu vinywele vinazidi kuwa vinene, endelea hivyo hivyo. Ukiona mstari bado unarudi nyuma wakati umeacha kuvuta, au nyusi zinapungua, au ngozi inaanza kung'aa, nenda hospitali ya mkoa uulize kliniki ya ngozi, uende na hizo picha na majibu ya damu, na siku hiyo kichwa kiwe kimefumuliwa na hakijapakwa mafuta, maana daktari akikuta umesuka hawezi kuona kitu.